Ukiambiwa una mawe kwenye figo: upige picha gani, lini, na uisome vipi

Mimi ni fundi wa picha. Kazi hii niliisomea ISTM, chuo cha ufundi wa tiba cha hapa Lubumbashi, nikafanya miaka kadhaa katika chumba cha picha cha hospitali kubwa, na sasa nina mashine ya ekografi (wengine husema ultrasound) kwenye kliniki ndogo Katuba, ambako watu wa mtaa wananiita Mama Eko. Siandiki dawa, sipasui mtu. Naangalia, kisha naandika nilichoona. Ila mgonjwa wa mawe mara nyingi hupita kwangu kabla ya kumfikia dokta wa mkojo, au huja akiwa amekwisha kuzunguka kliniki tatu na bahasha imejaa, na swali analoniuliza ni lile lile: "Mama, sasa nifanye nini na hii karatasi?" Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowajibu.

Kabla ya kutoa pesa, uliza picha hiyo inakwenda kujibu swali gani. Jiwe la mkojo lina maswali manne tu. Je, lipo? Liko wapi, na lina milimita ngapi? Linazuia mkojo usishuke? Ni jiwe la aina gani? Hakuna mashine inayojibu yote manne kwa usawa. Ekografi ni hodari kwa swali la tatu. Skana, yaani CT, inashinda zote kwa la kwanza na la pili, na inagusia la nne. Radio, ile wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita eksirei, inafaa zaidi kulifuatilia jiwe ambalo tayari tunalijua. Mtu akishika hayo, hatauza mbuzi wa familia kulipia skana ambayo hakuihitaji, na pia hatarudia ekografi mara tano wakati anachohitaji ni skana moja.

Kabla ya mashine yoyote

Maumivu ya jiwe linaloshuka yana tabia yake. Yanaanza ubavuni, chini ya mbavu kwa nyuma, yanateremka kuelekea kinena, kwa mwanaume mpaka kwenye korodani, kwa mwanamke mpaka kwenye mashavu ya uke. Yanapanda, yanapoa, yanapanda tena. Mgonjwa hatulii: anainuka, anachuchumaa, anazunguka chumba, anatapika. Mwenye appendiksi iliyooza hulala kimya maana kila akitikisika anaumia. Mwenye jiwe namjua tangu koridoni, kwa jinsi anavyotembea huku na huku akiwa ameshika kiuno.

Kipimo cha mkojo kwa kijiti kinagharimu kidogo na kinasaidia. Damu ikionekana, hata ile isiyoonekana kwa macho, jiwe linazidi kushukiwa. Isipoonekana, usiseme jiwe halipo, kwa sababu wapo wenye jiwe kabisa ambao mkojo wao hauna damu. Na damu pekee haitoshi: kichocho kinatoa damu kwenye mkojo, na mwenye ugonjwa wa seli mundu anaweza kukojoa damu na kuumwa ubavu bila jiwe lolote. Ukiwa na seli mundu, mwambie anayekupiga picha kabla hajaanza.

Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa apime mimba kwanza. Sababu ni mbili. Miale haitakiwi kumfikia mtoto aliye tumboni bila sababu nzito, na mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuuma kama jiwe huku inaua haraka zaidi. Mzee wa miaka sitini na kuendelea, ambaye hajawahi kuugua mawe, akija na maumivu haya kwa mara ya kwanza, mimi nampima pia mshipa mkuu wa damu tumboni, maana ukivimba unaweza kuuma kama jiwe. Ukinipeleka baba yako na nikasahau, niulize.

Sasa homa. Katika mji wetu homa ni malaria, na malaria isipoonekana ni tifoidi. Pimeni malaria, sikatai. Lakini mtu mwenye homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu upande mmoja anahitaji ekografi siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Mkojo ulionaswa nyuma ya jiwe ukiingiwa na vijidudu, figo inageuka mfuko wa usaha. Dawa za sindano peke yake hazitoshi hapo. Lazima mkojo utolewe, ama kwa mrija wa ndani unaopitishwa kupitia kibofu, ama kwa mrija unaochomwa kutoka mgongoni. Wagonjwa wa namna hii hawangoji skana ya Jumatatu. Vivyo hivyo kwa asiyepata mkojo kabisa, na kwa mwenye figo moja. Hawa wapelekwe hospitali kubwa, na ekografi ya dakika kumi inatosha kufungua mlango wa upasuaji.

Ekografi kwanza, na uje umekunywa maji

Nusu ya ekografi mbaya zinaharibika nyumbani kabla mgonjwa hajapanda teksi. Mazungumzo yenyewe ni haya:

"Papa, mulikunywa mayi?"

"Hapana mama, balinisemea nisikule wala nisikunywe."

"Na mukojo?"

"Nimetoka kukojoa sasa hivi pale inje."

Basi anakaa kwenye benchi na chupa ya maji, na mimi naita mwingine. Kufunga kula ni kwa ajili ya nyongo na ini. Kwa figo na njia ya mkojo, kunywa nusu lita hadi lita moja ya maji kama saa moja kabla, kisha ubane mkojo. Kibofu kilichojaa ndilo dirisha langu. Mrija wa mkojo una sehemu tatu nyembamba ambapo jiwe hupenda kukwama: pale unapotoka kwenye figo, pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapoingia kwenye kibofu. Hii ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote, na bila kibofu kujaa siioni. Kama unatapika au uko katikati ya maumivu makali usijilazimishe; njoo hivyo hivyo, tutafanya tunachoweza.

Jeli ni ya baridi, sonda, kile kichwa cha mashine ninachopitisha mwilini, inabonyeza, hakuna miale, hakuna sindano. Naanza na figo ya upande usiouma, ili nijue figo yako nzima inafananaje. Kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 9 hadi 12. Kisha naingia upande unaouma. Jiwe kwenye kioo ni doa jeupe linalong'aa, na nyuma yake kuna utepe mweusi, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbele ya taa za gari usiku. Nikiwasha dopla ya rangi, ile inayopaka rangi kitu kinachotembea kama damu, doa hilo mara nyingi linameta rangi nyekundu na bluu zilizochanganyika, ingawa hakuna damu inayopita pale. Alama hiyo imenisaidia kwenye mawe madogo kuliko nyingine yoyote.

Baadaye nashuka kwenye kibofu na kungoja. Kila figo hurusha mkojo kibofuni kwa mafungu, na dopla inaonyesha kila fungu kama mwali wa rangi unaochomoka chini ya kibofu. Kulia unachomoka, kushoto unachomoka. Nikikaa dakika kadhaa upande wa kulia ukirusha na wa kushoto ukiwa kimya, wakati mgonjwa amekunywa maji ya kutosha, najua kuna kitu kushoto hata kama jiwe lenyewe halijajitokeza.

Kisha namwambia akakojoe, halafu narudi kwenye figo. Hili wengi wa kazi yangu wanaliruka, na ndilo ninalowapigia kelele wanafunzi wanaokuja kufanya staji kwangu. Kibofu kilichojaa sana kinaweza chenyewe kuvimbisha figo kidogo. Uvimbe ukiondoka baada ya kukojoa, haukuwa wa jiwe. Kwa hiyo ukipimwa na kuandikiwa kuwa figo imepanuka, uliza: mliangalia tena baada ya mimi kukojoa?

Udhaifu wa ekografi nausema wazi, maana ndio mkate wangu na sipendi kuuongopea. Sehemu ya kati ya mrija imefichwa na gesi ya matumbo. Jiwe la milimita tatu likikaa hapo sitaliona. Mtu mnene namwona kwa shida. Mwongozo wa madokta wa mkojo wa Ulaya unasema ekografi inakamata mawe kama 45 tu kati ya 100. Upande wa pili, inaposema jiwe liko kwenye mrija, ni mara chache sana inakosea. Na katika saa za kwanza za maumivu figo inaweza kuwa haijavimba bado, kwa hiyo ekografi safi ya saa mbili usiku haifuti ugonjwa wa saa nne asubuhi.

Pamoja na hayo yote, kuanza na ekografi si mazoea ya maskini. Marekani, ambako skana ziko kila kona, walilinganisha wagonjwa 2,759 katika hospitali 15. Wengine wakaanza na ekografi, wengine na skana. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Walioanza na ekografi hawakupata madhara zaidi, na kwa jumla walipokea miale kidogo. Baadhi yao walihitaji skana baadaye, ndiyo, lakini si wote.

Habari ya "mchanga"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayomaliza pesa za watu wa Katuba, Kenya (mtaa wetu, si nchi) na Ruashi.

Mtu anaumwa mgongo. Labda ni kijana anayesukuma baiskeli ya makaa kutoka nje ya mji tangu usiku, labda ni mama anayekaa siku nzima kwenye kigoda sokoni. Anaenda mahali anapigwa ekografi, anarudi na karatasi iliyoandikwa mchanga kwenye figo zote mbili, vijiwe vya milimita mbili mbili. Anapewa dawa za wiki tatu. Anarudia picha, mchanga bado upo. Anapewa nyingine. Akifika kwangu anasema: "Mama, niko na muchanga mu figo, miezi sasa, haiishe. Munipigie skana, feza iko."

Namlaza. Ndani ya figo, katikati, kuna mafuta ya kawaida, na mafuta hayo kwenye ekografi ni meupe. Kuta za mishipa midogo ya damu nazo hutoa vidoa vyeupe. Kila figo nzima duniani ina vidoa. Doa lisilo na kivuli nyuma yake, lisilometa kwenye dopla, lisiloonekana tena nikigeuza sonda upande mwingine, mimi silipi jina la jiwe. Naandika kwamba figo ni za kawaida. Wapo wanaokasirika. Amekuja na ugonjwa wenye jina, mimi namrudisha bila jina, na mgongo bado unauma.

Hata jiwe la kweli la milimita tatu au nne lililotulia ndani ya kikombe cha figo kwa kawaida haliumi. Maumivu makali yanakuja linapotoka na kuziba njia. Kwa hiyo maumivu ya mgongo yanayozidi ukiinama, ukibeba, ukiamka asubuhi, yanayokaa katikati ya mgongo au pande zote mbili sawa, yatafute kwenye misuli na uti wa mgongo. Ukiambiwa una mchanga, uliza maswali mawili kwa upole: je, vidoa vina kivuli? Na figo imepanuka? Majibu yakiwa hapana na hapana, kaa na pesa yako, mwone dokta wa kawaida kwa ajili ya mgongo.

Radio ya tumbo

Hapa nitapita haraka. Radio ya kawaida, bila dawa, inaonyesha mawe yenye kalsiamu, na mawe mengi, kama manane kati ya kumi, yana kalsiamu ndani. Yale ya asidi ya yuriki hayaonekani kabisa, hata yakiwa makubwa. Kinyesi na gesi vinafunika, na vipo vijiwe vya uongo: chembe ngumu ndani ya mishipa ya damu ya nyonga, za mviringo, mara nyingi na kitone cheusi katikati, ambazo hazina uhusiano wowote na mkojo. Kwa hiyo radio si mahali pa kuanzia. Thamani yake ni baadaye. Jiwe likionekana kwenye radio leo, radio nyingine ya wiki mbili mbele itakuonyesha limeshuka mpaka wapi, kwa bei ndogo na miale kidogo kuliko skana.

Ile radio ya zamani ya kuchomwa dawa ya ayodini mshipani na kupigwa picha kila baada ya dakika kadhaa bado inafanyika mahali skana haipo. Inaonyesha njia ya mkojo vizuri. Ila usiikubali kabla ya kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanya kazi vipi, na useme kama unatumia metformini ya kisukari au kama dawa ya picha iliwahi kukuwasha mwili.

Skana: lini, na uombe nini

Skana ya mawe haina dawa ya mshipani. Liweke hilo kichwani, maana kuna mahali utaambiwa ununue dawa ya kudunga hata kwa kutafuta jiwe tu. Dawa ile inapotoka kwenye figo ni nyeupe kwenye picha, na jiwe nalo ni jeupe. Unalipa zaidi ili kuficha kile unachokitafuta. Dokta anaweza kuwa na sababu nyingine ya kutaka dawa, mfano uvimbe au njia ya mkojo iliyopinda. Basi akueleze sababu hiyo.

Bila dawa, skana inaona karibu kila jiwe, pamoja na yale ya asidi ya yuriki ambayo radio haiyaoni. Yanayoiponyoka ni yale yaliyotengenezwa na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Indinavir ya zamani ndiyo inayojulikana zaidi, na atazanavir pia imeonekana kufanya mawe. Kama umewahi kutumia dawa hizo, mnong'oneze fundi au dokta. Si lazima uandike kwenye karatasi ya mapokezi mbele ya foleni nzima.

Skana naishauri katika hali hizi: maumivu ni ya jiwe kabisa lakini ekografi haisemi kitu, figo imevimba na jiwe halijulikani liko wapi, maumivu yanarudi licha ya dawa, au dokta wa mkojo anataka kulivunja au kulitoa na anahitaji vipimo kamili. Mtu ambaye ekografi imemwonyesha jiwe dogo karibu na kibofu, figo haijavimba sana, hana homa, maumivu yametulia, huyo skana inaweza kungoja.

Omba ipigwe kwa miale midogo. Skana ya kawaida ya tumbo na nyonga inaweza kufika milisivati 10, hicho ndicho kipimo cha miale. Ile ya mawe ikipangwa vizuri inabaki chini ya 4, na jiwe linaonekana vilevile kwa mtu asiye mnene sana. Mpangilio huo uko ndani ya mashine, kinachotakiwa ni mtu kuubonyeza. Kama jiwe linashukiwa kuwa mlangoni mwa kibofu, fundi mzuri atakulaza kifudifudi: jiwe lililokwisha kuingia kibofuni linabiringika kwenda mbele, lililokwama linabaki palepale. Wa kwanza anaambiwa anywe maji akakojoe, wa pili anaendelea na matibabu. Tofauti yote hiyo kwa kumgeuza mtu tu.

Skana pia inatoa namba ya ugumu, inayoitwa kwa jina la Hounsfield, Mwingereza aliyebuni mashine hiyo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Cormack. Maji ni sifuri. Jiwe la asidi ya yuriki kwa kawaida liko kwenye mia chache, na la kalsiamu oksalati mara nyingi linapita 1,000. Lililozidi 1,000 linasumbua kuvunjwa kwa mawimbi kutoka nje. Lile laini la yuriki ndilo peke yake kati ya mawe ya kawaida linaloweza kuyeyushwa kwa dawa ya kunywa, inayopunguza ukali wa mkojo. Kwa hiyo ukisikia tangazo la dawa ya kuyeyusha mawe yote ya figo, muulize muuzaji jiwe lako lina namba gani.

Kwa wanaotoka Likasi, Kasumbalesa au Kolwezi: pigeni simu kwanza. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika jenereta inawasha taa na friji ya chanjo, lakini si kila jenereta inabeba skana. Na msiondoke bila CD. Karatasi ya maelezo peke yake ni neno la mtu mmoja. Dokta wa mkojo anataka kuona picha zenyewe, na akizikosa atakuagiza upige tena.

Kuisoma karatasi

Ripoti zetu ni za Kifaransa. Hata kama hukijui, kuna vitu vitano vya kutafuta: upande, mahali, milimita, neno "dilatation" (yaani figo imepanuka), na hali ya figo ya pili. Kimoja kikikosekana, mrudishie aliyeandika akiongeze kabla hujatoka nje ya geti. Ripoti inayosema kuna mawe bila milimita haina kazi kwa mtu yeyote.

Milimita ndizo zinazotoa mwelekeo. Jiwe la kwenye mrija lililo chini ya milimita 5 linashuka lenyewe kwa watu kama 68 kati ya 100. La 5 hadi 10, kama 47 kati ya 100. Likipita 10, usikae ukingoja miujiza. Lililo karibu na kibofu lina bahati zaidi kuliko lililo karibu na figo. Jua pia kwamba ekografi hupenda kuyakuza mawe madogo: nikikuandikia milimita 6, skana inaweza kusema 4. Mashine hazigombani hapo. Kwa uamuzi wa kupasua, shika namba ya skana.

Jiwe la ndani ya kibofu kwa mzee ni habari nyingine. Mara nyingi tezi dume imeziba njia ya kutokea, na huko ndiko kwa kutibu.

Kungoja bila kujisahau

Dokta akisema ungoje, kungoja kuna sheria. Kojolea kwenye kichujio cha chai, kile kidogo cha waya, na jiwe likitoka likaushe, liweke kwenye kichupa, umpelekee. Jiwe mkononi linajibu lile swali la nne kuliko picha yoyote. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Kinachotakiwa ni kukojoa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa juu, hiyo inadai kunywa zaidi ya lita tatu. Mchimbaji anayeshinda shimoni na chupa moja ya nusu lita ndiye ninayemwona mara kwa mara. Bia haihesabiwi. Najua wanaume wa Kamalondo watanipinga, lakini bia inapandisha yuriki, na michopo, nyama choma ya pembeni, inapandisha tena.

Kuhusu mizizi ya kuchemsha: jiwe la milimita nne, mara nyingi lingeshuka hata bila kunywa kitu. Mganga wa mizizi anapokea shukrani za kazi ya Mungu. Ukitaka kumjaribu, piga ekografi kabla na baada, na usimpe jiwe la milimita kumi na mbili lenye figo iliyovimba.

Rudi kupigwa picha baada ya kama wiki mbili, hata kama huumwi. Hili nalirudia mpaka sauti inakauka. Maumivu yanaweza kwisha wakati jiwe bado limeziba, figo ikaendelea kuvimba kimyakimya na kuharibika. Wiki nne hadi sita na jiwe halijatoka, kungoja kumekwisha, mwone dokta wa mkojo. Na jiwe likitoka, ekografi ya mwisho inahakikisha figo imerudi katika hali yake.

Mjamzito anafuatiliwa kwa ekografi, na mpimaji ajue kwamba mimba yenyewe inapanua figo, hasa ya kulia. Upanuzi peke yake si jiwe. Ekografi ikishindwa, mahali palipo na mashine ya sumaku (MRI) hiyo ndiyo inayofuata, na skana ya miale midogo ni ya mwisho kabisa. Mtoto naye ni ekografi kwanza, na mtoto mwenye jiwe apimwe damu na mkojo kutafuta chanzo, asitibiwe jiwe tu.

Wale waliowekewa mrija wa ndani, unaoitwa jeji, wenye mkia uliojikunja pande zote mbili: una tarehe ya kutolewa. Ni miezi, kwa kawaida isiyozidi mitatu hadi sita, kadiri dokta alivyopanga na aina ya mrija. Ukiachwa, unaota mawe juu yake wenyewe, na mrija uliotakiwa kutolewa kwa dakika chache unahitaji upasuaji. Radio moja ya tumbo inaonyesha mikia yote miwili, wa figo na wa kibofu, na kama imeanza kuvaa ganda. Siku wanapokuwekea, andika tarehe ya kuutoa juu ya bahasha ya picha kwa kalamu nene, na umpe mtu mwingine wa nyumbani aijue.